Mgonjwa wetu yuko ICU: maswali tunayoulizwa Dodoma

Mimi ni muuguzi wa chumba cha wagonjwa mahututi (ICU) hapa Dodoma. Maswali haya nayasikia kwenye benchi lililo nje ya mlango wetu, usiku na mchana. Wanaouliza ni watu waliokuja na bodaboda kutoka Chang'ombe, na wengine waliosafiri kutoka Kondoa au Mpwapwa wakiwa wamekaa pembeni ya machela. Machache yanatoka kwa wauguzi vijana wanaopangiwa zamu yao ya kwanza kwetu. Nimeyaweka pamoja kwa makusudi, kwa sababu ndugu akijua kinachotakiwa kufanyika pale kitandani, mgonjwa anapata mlinzi mmoja zaidi.

Amepelekwa ICU. Ina maana madaktari wamekata tamaa?

Hapana. Anapelekwa ICU yule ambaye mapafu yake, moyo, figo au ubongo vimeelemewa kwa sasa, lakini vikisaidiwa vinaweza kurudi. Kwenye wadi za kawaida muuguzi mmoja anaweza kuhudumia wagonjwa ishirini au zaidi. Kwetu anapaswa kuwa na mmoja au wawili, ili asiwatoe machoni. Hiyo ndiyo tofauti kubwa, kubwa kuliko mashine zote mnazoziona. Sitawaficha kwamba wapo wanaofariki ICU. Ndiyo wanaofika wakiwa wameumwa kuliko wote hospitalini.

Watu wanasema akiwekewa oksijeni ndiyo safari. Ni kweli?

Maneno haya yanatuumiza sana. Nimewahi kumkuta kijana amemvua mama yake barakoa ya oksijeni, kwa upendo mtupu, akiamini anamwokoa. Oksijeni ni dawa. Imepata jina baya kwa sababu kwa miaka mingi ilikuwa haba, ikawa inatolewa mwishoni kabisa, mgonjwa akiwa tayari amechoka. Watu wakaunganisha mambo mawili yaliyotokea pamoja, wakadhani moja limeleta jingine.

Kile kifaa kinachobanwa kidoleni kinatuonyesha kiasi cha oksijeni kwenye damu. Kwa wagonjwa wengi tunalenga kati ya asilimia 92 na 96. Ikishuka chini ya 90 ni dharura. Lakini kifaa hicho kina udhaifu wake. Rangi ya kucha na piko nyeusi vinaweza kukidanganya, kwa hiyo msishangae tukimfuta bibi harusi kucha zake au tukabana kifaa kwenye sikio. Mikono ikiwa ya baridi nayo inakisumbua. Na kuna jambo linalotuhusu sisi zaidi: mwaka 2020 watafiti wa Marekani walionyesha kwamba kwa wagonjwa weusi kifaa hiki kilisoma namba nzuri huku damu ikiwa na upungufu wa oksijeni, karibu mara tatu zaidi ya ilivyokuwa kwa wagonjwa weupe. Kwa hiyo mgonjwa anayehema kwa shida, mbavu zikiingia ndani, hatumwachi eti kwa sababu namba inasoma 93.

Mashine ya kupumulia inamfanyia nini?

Inasukuma hewa kwenye mapafu kupitia mpira uliopitishwa mdomoni, wakati misuli yake inapumzika na dawa zinafanya kazi. Anapewa dawa za usingizi ili mpira usimtese.

Mashine hii inaokoa, na isipoangaliwa inadhuru. Mate na uchafu wa mdomoni vikiteremka mapafuni vinaleta nimonia mpya, ambayo hakuja nayo. Ndiyo maana kichwa cha kitanda kinainuliwa kati ya nyuzi 30 na 45, na mdomo wake unasafishwa kila zamu. Mkimkuta amelala chali kabisa, ulizeni. Inawezekana kuna sababu, kwa mfano jeraha la uti wa mgongo, au inawezekana tumemgeuza tukasahau kukirudisha kitanda. Kila asubuhi, hali ikiruhusu, dawa za usingizi zinapunguzwa tuone kama anaamka na kama anaweza kuhema mwenyewe, kwa sababu kila siku ya ziada kwenye mashine ni nafasi nyingine ya maambukizi.

Kiasi cha hewa kinapangwa kwa urefu wa mtu. Unene hauhesabiwi, maana mapafu hayaongezeki mwili unapoongezeka. Mwaka 2000 utafiti wa Marekani kwa wagonjwa 861 wenye mapafu yaliyoumia vibaya ulilinganisha pumzi ndogo na pumzi kubwa. Waliopewa pumzi ndogo walifariki asilimia 31, waliopewa kubwa karibu asilimia 40. Ukimwona muuguzi anampima mgonjwa aliyelala kwa tepu ya fundi cherehani, kuanzia utosini hadi kisiginoni, anatafuta hesabu hiyo.

Kwa nini mnatuingiza mmoja mmoja, na kila mara mnatupaka dawa mikononi?

Kwa sababu vijidudu vya hospitali vinasafiri kwa mikono, na mikono yetu wahudumu ndiyo hatari kuliko yenu, maana sisi ndiyo tunaotoka kitanda hiki kwenda kile. Shirika la Afya Duniani limetaja nyakati tano za kusafisha mikono: kabla ya kumgusa mgonjwa, kabla ya kazi inayohitaji usafi wa hali ya juu kama kuchoma sindano au kushika mipira yake, baada ya kugusa majimaji ya mwili, baada ya kumgusa mgonjwa, na baada ya kugusa vitu vilivyomzunguka. Kitakasa mikono kinasuguliwa sekunde 20 hadi 30. Sabuni na maji huchukua sekunde 40 hadi 60. Glovu hazifuti wajibu huo. Aliyevaa glovu zilezile kwa wagonjwa wawili anaweza kumpa wa pili vijidudu vya wa kwanza huku yeye yuko salama.

Hapa kwetu kuna vumbi pia, hasa miezi ya upepo kuanzia Juni hadi Oktoba. Dirisha lililoachwa wazi linatujazia vumbi kwenye meza ya dawa na kuziba vichujio vya mashine za kuzalisha oksijeni. Vichujio hivyo visipooshwa, mashine inapiga kelele zake zilezile huku ikitoa hewa yenye oksijeni kidogo. Ni kazi ndogo ya ratiba, na ndiyo inayosahaulika.

Kuhusu kuingia: mgonjwa anawahitaji. Ombi langu ni mchague watu wawili au watatu wanaopokezana, mwenye mafua abaki nje, na mikoba isiwekwe kitandani.

Ule mpira wa shingoni ni wa nini?

Umeingizwa kwenye mshipa mkubwa wa damu ili kupitisha dawa kali ambazo mishipa ya mkononi haizistahimili. Kwa kuwa unafika karibu na moyo, kijidudu kikipita hapo kimeingia damuni moja kwa moja.

Daktari Peter Pronovost wa hospitali ya Johns Hopkins, Marekani, aliandika orodha ya mambo matano yanayojulikana na kila mhudumu: safisha mikono, funika mgonjwa kwa shuka safi na mwekaji avae joho, glovu, kofia na barakoa, safisha ngozi kwa klorheksidini (dawa ya kuua vijidudu), epuka mshipa wa kinenani inapowezekana, toa mpira usiohitajika tena. Kisha akafanya jambo ambalo kwangu ndilo kubwa zaidi: muuguzi akapewa mamlaka ya kumsimamisha daktari aliyeruka hatua. Orodha hiyo ilitumika kwenye ICU zaidi ya 100 katika jimbo la Michigan, na matokeo yakachapishwa mwaka 2006. Kiwango cha kati cha maambukizi kilikuwa 2.7 kwa kila siku 1,000 za kukaa na mpira. Ndani ya miezi mitatu kikafika sifuri.

Karatasi kama hiyo inabandikwa ukutani bila kununua mashine yoyote. Kumwambia daktari bingwa mwenye mvi "samahani daktari, tuanze upya, glovu imegusa kitanda" ndiko kugumu. Tumelelewa kuwaheshimu wakubwa, na ni malezi mema. Lakini daktari anayemshukuru muuguzi kwa neno hilo mbele ya wote amefundisha wadi nzima kwa siku moja.

Na mpira wa mkojo ni hivyohivyo. Kila asubuhi swali liwe: bado anauhitaji?

Mgonjwa amenyauka. Kwa nini hamumwongezei dripu?

Hili naulizwa na karibu kila familia. Dripu imepewa heshima ya chakula, watu huomba "dripu ya nguvu." Lakini maji yakizidi kwenye mishipa yanavuja kuingia mapafuni, na mgonjwa anazama akiwa amelala kitandani.

Tumejifunza haya kwa gharama, tena hapahapa Afrika. Mwaka 2011 yalichapishwa matokeo ya utafiti uliofanyika Uganda, Kenya na Tanzania kwa watoto zaidi ya 3,000 waliofika hospitali na homa kali na mzunguko dhaifu wa damu. Vitabu vya Ulaya na Marekani vilisema wamiminiwe maji haraka. Waliomiminiwa walifariki karibu 11 kati ya 100 ndani ya saa 48. Wasiomiminiwa walifariki 7 kati ya 100. Mwaka 2017 Zambia ikaonyesha jambo linalofanana kwa watu wazima wenye sepsisi, yaani maambukizi yanayovuruga viungo vya mwili, ambao presha yao imeshuka: waliopewa maji mengi kwa mpango maalumu walifariki asilimia 48, waliopewa huduma ya kawaida asilimia 33. Wengi wa wagonjwa hao walikuwa na VVU, na hawakuwa na mashine za kupumulia za kuwasaidia mapafu yalipojaa.

Kwa hiyo tunatoa kidogo, tunasikiliza mapafu, tunapima mkojo, ndipo tunaamua tena. Anayeharisha au aliyepoteza damu ni habari nyingine. Huyo anahitaji maji au damu upesi.

Makosa ya dawa hutokea?

Ndiyo, hutokea. Anayekuambia kwake hayatokei, kwake hayaandikwi.

Miaka kadhaa iliyopita, nilipokuwa bado mgeni kazini, nilichukua kichupa kutoka kwenye trei ya maji ya kuchanganyia dawa. Mwenzangu alikuwa na mazoea ya kusoma lebo kwa sauti kabla ya chochote kuvutwa kwenye sindano. Akasoma: kloridi ya potasiamu. Mtu alikuwa amekirudisha mahali pasipo pake. Dawa hiyo ikiingizwa haraka bila kuyeyushwa kwenye maji mengi inausimamisha moyo. Nilikaa chini nikitetemeka, na mgonjwa hakujua kitu. Kilichonisaidia ni kwamba msimamizi wetu hakuuliza "nani mjinga?" Aliuliza "kwa nini vichupa hivi viwili vinakaa jirani?" Potasiamu ikahamishiwa kabati lenye kufuli, na tangu hapo inasomwa na watu wawili.

Dawa nyingine za kusomwa na wawili ni insulini, hepari (ya kuzuia damu kuganda), dawa za kupandisha presha na dawa za usingizi. Na ndugu mnasaidia mkitaja mzio wa dawa na dawa zote za nyumbani. Leteni maboksi yenyewe. "Kidonge cheupe cha presha" hakitutoshi.

Umeme ukikatika?

Mashine nyingi zina betri ya muda mfupi, na jenereta inapaswa kuwaka kabla betri haijaisha. Lakini jenereta isiyojaribiwa kila wiki ni pambo. Pembeni ya kila mgonjwa aliye kwenye mashine panatakiwa kuwa na puto la kupumulisha kwa mkono, liko wazi, halijafungiwa kabatini. Si jambo la kudharau: mwaka 1952, polio ilipoivamia Copenhagen, mamia ya wanafunzi wa udaktari walipokezana kubana maputo kwa mkono usiku na mchana, wiki baada ya wiki, na watu wengi wakapona. ICU kama tunavyoijua ilizaliwa pale, chini ya daktari Bjørn Ibsen.

Upande wa mitungi, fanyeni hesabu mapema. Mtungi mkubwa uliojaa una takribani lita 6,800. Mgonjwa anayetumia lita 10 kwa dakika anaumaliza kwa saa 11 hivi. Ikifika saa nne usiku mtungi una robo tu, hautamfikisha asubuhi.

Baba anaongea ovyo, anasema kuna watu darini, na mmemfunga mikono. Amerogwa?

Hajarogwa, na hajawa kichaa. Ubongo wa mtu mahututi huchanganyikiwa kwa maambukizi, dawa, maumivu, kukosa usingizi, na taa zisizozimwa. Hali hii hupanda na kushuka. Asubuhi anakutambua, jioni anakuita jina la marehemu shangazi yake.

Kumfunga kuwe njia ya mwisho, kwa kitambaa laini na kwa muda mfupi, asije akauvuta mpira. Dawa bora mnayo ninyi. Mleteeni miwani yake na kifaa chake cha kusikia. Mwambieni leo ni siku gani, nani amezaa, mvua imenyesha Bahi au bado. Mzee mmoja wa Kigogo alikuwa anatupiga mateke siku mbili. Mjukuu alipomwinamia akamsalimu "mbukwenyi" na kuendelea kwa lugha yao, alitulia akashika mkono wa yule binti. Sisi tulikuwa tukimsemesha Kiswahili cha haraka chenye maneno ya hospitali.

Tunaweza kumlisha uji? Na dawa za asili, na maombi?

Msimlishe kwa mdomo bila kuuliza. Aliyelegea akinywa uji, unaweza kwenda mapafuni. Chakula kinapita kwenye mpira wa pua, na tunaanza mapema, mara nyingi ndani ya siku mbili za kwanza, hali ikiruhusu.

Dawa za asili: tuambieni hata kama ameshakunywa, na hatutawagombeza. Tunahitaji kujua kwa sababu baadhi zinaelemea ini na figo. Maombi na dua karibuni, kwa sauti ndogo. Mafuta ya upako yasigusane na barakoa ya oksijeni, na mishumaa hairuhusiwi kabisa. Penye oksijeni moto hushika kwa kasi ya kutisha.

Mimi ni muuguzi mpya ICU. Nianzie wapi?

Anza na vipimo vya uhai, na anza na ujasiri wa kuvifanyia kazi. Nimeona chati nzuri zenye mwandiko safi, presha 80 saa nne, 75 saa tano, 70 saa sita, na hakuna aliyeitwa. Kuandika si kuangalia.

Muhimbili, Dar es Salaam, walijaribu mpango rahisi uliochapishwa mwaka 2015: mipaka ya hatari ikawekwa wazi, na muuguzi akaruhusiwa kuanza matibabu ya awali na kumwita daktari papo hapo. Wagonjwa waliofika na presha ya chini ndio waliopata nafuu ya wazi. Vifo vyao vilipungua. Bandikeni mipaka ya namna hiyo kila kitandani: pumzi chini ya 8 au zaidi ya 30 kwa dakika, oksijeni chini ya 90, mapigo chini ya 40 au zaidi ya 130, namba ya juu ya presha ikiwa chini ya 90, au mgonjwa aliyekuwa anaongea amenyamaza. Lolote likitokea, hatua ya kwanza ni yako: njia ya hewa, oksijeni, mlalo sahihi. Kisha piga simu. Mkishuku sepsisi kali, antibayotiki ya kwanza iingie ndani ya saa moja.

Alamu ya monita usiizime kabla hujamtazama mgonjwa. Mgeuze kila saa mbili. Kidonda cha kulalia huanza kama wekundu au weusi mdogo kwenye tako, kisha kinafika mfupani.

Zamu ikabidhiwe pembeni ya kitanda, wawili mkitazama mgonjwa, dripu na mashine pamoja. Sema ni nani, alikujaje, hali yake sasa unaionaje, na unaomba nini kifanyike usiku huu. Makabidhiano ya mlangoni, mmoja ameshavaa mkoba, yamezika watu.

Hospitali yetu ya wilaya haina ICU. Tufanyeje?

Mengi ya hapo juu hayahitaji ICU. Mnahitaji oksijeni, kifaa cha kidoleni, mashine ya presha, na mtu anayerudi kumtazama tena. Kabla ya kumsafirisha mgonjwa, imarisheni kwanza hali yake. Kutoka Kondoa hadi hapa ni zaidi ya kilomita 150. Pigeni simu ili kitanda kiandaliwe, hesabuni oksijeni ya safari na mwongeze ya akiba, aandamane na mhudumu anayeweza kubana puto. Barua ya rufaa itaje dawa zilizotolewa na saa zake.

Gharama?

Ni kubwa. Onyesheni kadi ya bima siku ya kwanza, na wasio na uwezo waende ofisi ya ustawi wa jamii hospitalini mapema, kabla deni halijawatia hofu. Msimwondoe mgonjwa kimyakimya usiku.

Nikiona jambo baya nimwambie nani?

Kwanza muuguzi wa kitanda hicho, palepale: "Sista, naona dripu imeisha" au "Daktari, samahani, hujasafisha mikono." Asiposikia, mwone muuguzi kiongozi wa wadi, kisha ofisi ya malalamiko. Watu wanaogopa kwamba mgonjwa wao atanyanyaswa wakisema. Hofu hiyo naielewa, na kazi ya kuiondoa ni yetu. Mama mmoja aliniambia mguu wa mwanawe umevimba upande mmoja tu. Nilikuwa nimempima mara nne siku hiyo bila kuufunua. Lilikuwa donge la damu, na dawa ikaanza jioni ileile.

Ameruhusiwa. Nyumbani tutegemee nini?

Atakuwa dhaifu kwa wiki au miezi. Misuli huyeyuka haraka kitandani. Wengine hawawezi kufunga vifungo vya shati. Anaweza kuota ndoto za kutisha, kusahau, kulia bila sababu. Mtembezeni kidogo kila siku, mpeni mayai, maharage, karanga zilizokaushwa vizuri. Asiachie dawa zake njiani, na tarehe ya kliniki iandikwe ukutani. Akipata homa, akahema haraka, kidonda kikatoa usaha au mkojo ukapungua, msisubiri siku ya kliniki. Mrudisheni kituo cha karibu na karatasi zake zote mkononi.